Kuendesha Kompyuta kwa Mawimbi ya Ubongo: Mwongozo wa Kupata Ishara ya Kweli

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya wanaponunua hedseti ya mawimbi ya ubongo ni kufungua mchezo uliokuja nayo kabla ya kujua iwapo kifaa kinasoma ubongo au kinasoma misuli ya paji la uso. Nami nilianza hivyo hivyo. Kwa wiki mbili nilipandisha mpira wa kwenye skrini kwa kile ambacho programu ilikiita umakini, nikiwa na uhakika kwamba nimejifunza kuzituliza fikra zangu, hadi siku nilipogundua kwamba mpira ulipanda kila nilipokunja uso na ulishuka kila nilipolegeza nyusi, hata kama akili yangu ilikuwa kwenye chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu mmoja, nao ndio ninaoueleza hapa: kwanza thibitisha kwamba ishara inatoka kwenye ubongo, ndipo uiagize kompyuta iitii.

Ugumu wa kazi hii unatokana na udogo wa ishara yenyewe. Seli za neva za gamba la ubongo zinapofanya kazi pamoja kwa wingi huzalisha umeme ambao, baada ya kupita kwenye fuvu na ngozi, hufika kwenye elektrodi, yaani kipande kinachogusa ngozi ili kupokea umeme, ukiwa umefifia hadi kati ya mikrovolti 10 na 100. Na mikrovolti 100 ni sehemu moja tu ya elfu kumi ya volti. Kupepesa macho mara moja huweza kutoa mikrovolti mia kadhaa. Kuuma meno, kumeza mate, kugeuza shingo, yote hayo huzalisha umeme unaoufunika ule wa ubongo kabisa. Kwa hiyo hedseti isiyo na ulinganisho wa makini itakuonyesha mistari mizuri inayopanda na kushuka, na wewe utaamini unachokitaka.

Ni vyema pia kutenganisha mapema hedseti ya dukani na habari za upandikizaji zinazotangazwa kila mwaka. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mradi wa BrainGate wa Marekani, ambapo mtu aliyepooza alisogeza kishale cha kompyuta kwa elektrodi 96 zilizopandikizwa ndani ya gamba la ubongo wake. Mwaka 2021 watafiti wa mradi huo huo walionyesha mtu akiandika herufi 90 kwa dakika kwa kuwaza tu kwamba anaandika kwa mkono. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikiza mtu wa kwanza kifaa chenye elektrodi 1,024. Hao wote walipasuliwa kichwa, na elektrodi zao ziko karibu kabisa na seli zenyewe. Anayesikiliza kutoka nje ya fuvu yuko katika hali ya mtu anayesikia ngoma inayopigwa mtaa wa pili: mdundo anaupata, maneno ya wimbo hayapati. Hedseti haisomi maneno unayoyawaza, haisomi siri, na tangazo lolote linalodai hivyo liachwe.

Kuchagua kifaa, au kuanza bila kifaa

Uliza maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni elektrodi zinakaa wapi, na la pili ni kama utaruhusiwa kupata data ghafi, yaani mkondo wa volti wenyewe, badala ya namba zilizokwisha kupikwa kama vile umakini na utulivu. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Baadhi ya kampuni huuza hedseti kisha hutoza malipo ya kila mwezi kwa anayetaka data ghafi, na gharama hiyo hugundulika baada ya mzigo kufika.

MindWave ya NeuroSky ina elektrodi moja kavu juu ya jicho la kushoto na kibanio cha sikioni. Ni ya bei nafuu, lakini imekaa mahali ambapo misuli ya uso na macho hupiga kelele kuliko kwingine kote. Muse ya InteraXon, kampuni ya Toronto, ina elektrodi nne, mbili kwenye paji na mbili nyuma ya masikio, na huchukua sampuli 256 kwa sekunde, yaani hupima volti mara 256 kila sekunde. Hizo mbili za nyuma ya masikio ndizo zinazofaa kwa jaribio nitakaloeleza. EPOC X ya Emotiv ina chaneli 14, yaani mikondo 14 ya ishara, zinazotumia vipande vya sufi vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Bodi ya Cyton ya OpenBCI, kampuni iliyoanzishwa Brooklyn, ina chaneli nane zenye sampuli 250 kwa sekunde, na unaweza kuziweka popote kichwani upendapo. Kwa mtu anayetaka kujifunza kwa dhati mimi ningependekeza hii ya mwisho, au ndugu yake mdogo Ganglion yenye chaneli nne, kwa sababu inakulazimisha uelewe kila waya unakoelekea.

Lakini hakuna haja ya kununua chochote mwezi wa kwanza. Maktaba ya bure ya BrainFlow, inayotumika na lugha ya programu ya Python, ina bodi ya kuigiza inayotoa mkondo wa ishara bandia, hivyo unaweza kuandika programu yako yote na kuijaribu bila hedseti. Zaidi ya hapo, hazina ya PhysioNet inatoa bure rekodi za watu 109 waliovaa elektrodi 64, na kila mmoja ana dakika moja ya macho wazi na dakika moja ya macho yaliyofumbwa. Pakua mafaili mawili ya mtu wa kwanza, S001R01 na S001R02, yafungue kwa MNE-Python, maktaba ya Python ya kuchambua mawimbi ya ubongo, na ufanye jaribio la macho nitakalolieleza hapo chini kwa ubongo wa mtu mwingine kabla ya kulifanya kwa ubongo wako. Anayeshindwa kuliona wimbi kwenye rekodi safi za maabara hataliona kwenye hedseti ya sebuleni.

Nywele na ngozi

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vifaa hivi huandikwa kana kwamba kila kichwa kina nywele laini zinazotawanyika kwa kidole. Kwa wengi wetu hapa ndipo kazi nzima inapokwama. Nywele zenye kipilipili na nzito huisukuma elektrodi mbali na ngozi, na pengo la milimita chache linatosha kuiua ishara. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, akiwemo mwanafunzi Arnelle Etienne, walionyesha kwamba jawabu ni kuzisuka nywele, kwa mistari inayofuata maeneo ya kupimia, ili ngozi ya kichwa iwe wazi katikati ya mistari, na wakabuni elektrodi zinazojibana chini ya misuko. Msusi yeyote wa mtaani analijua jambo hili kwa mikono yake. Suka twende kilioni, mistari inayotoka kwenye paji kuelekea kisogoni, na uhakikishe kwamba njia za ngozi zinapita pale elektrodi zitakapokaa. Usiongeze rasta wala kuvaa wigi siku ya kupima. Anayevaa hijabu anaweza kuifunga juu ya elektrodi baada ya kuziweka, na kwa uzoefu wangu kitambaa kilichokazwa kwa wastani huzituliza elektrodi vizuri kuliko ukanda wa plastiki.

Mafuta ya nywele ni adui mwingine. Osha kichwa usiku wa kuamkia siku ya kupima na usipake chochote. Kabla ya kuvaa, futa kila mahali pa elektrodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, subiri pakauke, kisha weka jeli au lowesha sponji kwa maji ya chumvi ya famasia. Jeli isizidi hadi ikatambaa kutoka elektrodi moja hadi nyingine, kwa maana hapo elektrodi mbili zinageuka kuwa moja na hutajua unapima nini.

Mahali pa kuweka elektrodi hupatikana kwa mfumo wa 10-20 uliochapishwa mwaka 1958. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye bonde la pua lililo kati ya macho, kupitia utosini, hadi kwenye kinundu cha mfupa kisogoni. Asilimia 10 ya umbali huo, ukihesabu kutoka kwenye kinundu kwenda juu, ni mahali panapoitwa Oz. Nusu ya umbali wote ni Cz. O1 na O2 ziko kushoto na kulia kwa Oz, juu ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona. C3 na C4 ziko kushoto na kulia kwa Cz, kwenye mstari unaotoka sikio hadi sikio, kila moja kwa asilimia 20 ya urefu wa mstari huo.

Chumba na umeme

Umeme wa majumbani Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na mwili wako ni antena yake. Rekodi za PhysioNet zilifanyika Marekani, kwa hiyo kwenye hizo itafute kelele hiyo kwenye hezi 60. Chomoa chaja na utumie kompyuta mpakato kwa betri yake, ondoka karibu na friji, feni na taa za mirija, na uweke simu mbali. Kuchomoa chaja si suala la kelele peke yake. Kifaa chochote ulichokiunda mwenyewe kilichounganishwa na kichwa chako kiendeshwe kwa betri tu, na kisiunganishwe kwa waya na kompyuta iliyochomekwa ukutani hata kwa dakika moja. Kwenye programu, weka kichujio cha kuondoa hezi 50 na kingine kinachopitisha kati ya hezi 1 na 40.

Majaribio ambayo hayarukwi

Anza kwa kuwatambua maadui. Washa mkondo wa ishara, kaa kimya sekunde 30, kisha pepesa macho mara tano, kunja paji mara tano, uma meno mara tano, geuza macho kushoto na kulia bila kugeuza kichwa. Hifadhi rekodi hiyo na uchore alama kila tukio lilipotokea. Kupepesa huonekana kama vilima virefu vya pole pole kwenye elektrodi za mbele. Kuuma meno huonekana kama manyoya mazito yanayofunika chaneli zote. Sura hizi zikae kichwani mwako kama unavyozijua sauti za watu wa nyumbani, kwa sababu zitarudi kila siku zikijifanya kuwa ubongo.

Kisha lifanye jaribio la macho. Hans Berger, daktari wa akili wa mji wa Jena nchini Ujerumani, ndiye aliyerekodi kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu, mwaka 1924, na alipochapisha kazi yake kuanzia mwaka 1929 alieleza wimbi la takriban mizunguko 10 kwa sekunde linalokua mtu anapofumba macho na kufifia anapoyafumbua. Wimbi hilo, alfa, liko kati ya hezi 8 na 13, na bado ndilo jaribio la uaminifu lililo bora kwa kifaa chochote. Kaa kwenye kiti chenye kuegemea, legeza taya na mabega. Rekodi sekunde 60 macho yakiwa wazi ukitazama nukta moja ukutani, kisha sekunde 60 macho yamefumbwa, na urudie mara tatu. Kokotoa nguvu ya kila masafa, yaani ya kila kasi ya mawimbi kwa hezi, na uchore mistari miwili kwenye mchoro mmoja. Kama kifaa kinasoma ubongo, mstari wa macho yaliyofumbwa utakuwa na kilima karibu na hezi 10 ambacho mstari wa macho wazi hauna, nacho kitakuwa kirefu kwenye O1 na O2, au nyuma ya masikio kwa Muse, kuliko kwenye paji.

Kilima kisipotokea, rudi kwenye ngozi na nywele kabla ya kulaumu kitu kingine. Usifanye jaribio hili ukiwa na usingizi, kwa kuwa kusinzia hulififisha wimbi la alfa na kuleta mawimbi ya pole pole zaidi, na uelewe kwamba watu wachache wana alfa dhaifu kwa maumbile tu, bila ubovu wowote.

Swichi ya kwanza

Ukishakiona kilima hicho, tayari unacho kitufe. Gawa mkondo katika vipande vya sekunde mbili, ukichukua kipande kipya kila nusu sekunde. Kwa kila kipande, gawanya nguvu iliyo kati ya hezi 8 na 13 kwa nguvu yote iliyo kati ya hezi 4 na 30. Uwiano huo hauyumbi sana elektrodi inapokauka kidogo. Tafuta wastani wa uwiano huo kwa macho wazi na kwa macho yaliyofumbwa, na uweke kizingiti katikati yao. Amri itolewe pale tu vipande vitatu mfululizo vinapovuka kizingiti, na kipande chochote chenye mruko unaozidi mikrovolti 150 kitupwe, kwani huo ni msuli au kope. Kwa kuwa macho yako yatakuwa yamefumbwa, majibu yawe ya sauti: mlio mmoja kwa kuwasha, mlio mwingine kwa kuzima.

Sasa pima kama inafanya kazi, na usijipimie kwa hisia. Mwombe mtu arushe sarafu mara 20 na kukuambia kila mara ufumbe au ufumbue, huku programu ikiandika ilichokisia bila kukuonyesha. Anayebahatisha tu hupata 15 au zaidi kati ya 20 takriban mara mbili katika kila mia. Kupata 14 au zaidi hutokea kwa bahati karibu mara sita katika mia, kwa hiyo 14 haitoshi kushangilia. Andika kila kipindi kwenye daftari pamoja na saa, hali ya nywele, jeli iliyotumika na matokeo, hata yale mabaya, maana hayo mabaya ndiyo yatakayokufundisha ni lini elektrodi hulegea.

Kuwaza mkono

Hatua inayofuata ndiyo inayowavutia wengi, nayo inahitaji elektrodi kwenye C3 na C4, kwa hiyo hedseti za paji la uso haziiwezi. Mtu anaposogeza mkono wa kulia, au anapowaza kwa kina kwamba anausogeza, mdundo wa takriban hezi 8 hadi 13 juu ya upande wa kushoto wa ubongo hupungua. Akiwaza mkono wa kushoto, hupungua upande wa kulia. Siri ni kuwaza kwa hisia za mwili badala ya picha. Usijione kwa mbali ukisogeza mkono. Sikia unga wa chapati ukisukumwa na kiganja, uzito wake, unyevu wake, jinsi kifundo kinavyojipinda. Chagua tendo ambalo mkono wako umelifanya mara nyingi.

Fanya mazoezi 40 kwa kila mkono kwa mpangilio wa nasibu, kila moja kwa sekunde nne na mapumziko ya sekunde tatu hadi tano, na ugawe kazi katika vipindi vya dakika zisizozidi kumi, kwa sababu uchovu huonekana kwenye ishara kabla hujauhisi. Tumia mazoezi 60 ya mwanzo kuifundisha programu na 20 ya mwisho kuipima. Weka chaneli moja ya ziada kwenye msuli wa mkono wa mbele, kila upande ikiwezekana. Msuli ukionyesha shughuli wakati unadhani unawaza tu, zoezi hilo litupwe. Tafiti nyingi hukadiria kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya watu hawafikii udhibiti mzuri kwa njia hii hata baada ya mafunzo, na hilo halina uhusiano na akili wala juhudi zao.

Ipo njia ya tatu, ya taa zinazomweka kwenye skrini kwa kasi tofauti, ambapo ubongo huiga kasi ya taa unayoitazama. Ni ya haraka na huhitaji mafunzo kidogo, lakini mwako huo unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Mwenye historia ya kifafa, binafsi au katika familia, asiijaribu, na watoto wasijaribishwe nyumbani.

Kutunza rekodi

Rekodi ya ubongo ni taarifa ya mwili wa mtu. Chile ilirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kuilinda shughuli ya ubongo na taarifa zitokanazo nayo, na jimbo la Colorado nchini Marekani likaweka data ya neva chini ya sheria yake ya faragha mwaka 2024. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, nami naona ni busara kuihesabu rekodi ya ubongo humo. Hifadhi mafaili kwenye kompyuta yako, kataa kupakiwa kwake kwenye seva za kampuni pale programu inapouliza, na ukimpima mtu mwingine mpe karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, kisha ufute rekodi siku atakapotaka. Usimwambie mtu kwamba umeona ugonjwa kwenye mistari yake. Kipimo cha hospitali hutumia elektrodi nyingi zaidi na husomwa na aliyesomea.

Ukiombwa umsaidie mgonjwa

Habari zikienea kwamba unajua kazi hii, mtu atakuja kukuomba umsaidie ndugu aliyepooza au aliyepoteza sauti. Usikimbilie ubongo. Uliza kwanza ni kitu gani bado anaweza kukisogeza kwa hiari yake: kope, unyusi, taya, kidole kimoja. Elektrodi mbili za paji zilizokuchosha kwa kupokea kope badala ya ubongo zitakuwa hapa na thamani kubwa, kwa sababu kilima cha kupepesa ni kirefu mara nyingi kuliko mawimbi yanayokizunguka na programu hukitambua kwa urahisi. Weka kanuni kwamba kupepesa mara mbili ndani ya sekunde moja ni ndiyo, ili kope za kawaida zisihesabiwe, na umwachie programu inayosoma herufi moja baada ya nyingine kwa sauti. Mweleze yeye na familia yake waziwazi kwamba swichi hii inasoma jicho. Ikiwa hata kope hazimtii, ndipo swichi ya alfa au kuwaza mkono vijaribiwe, kwa ruhusa ya daktari wake, na kwa kipimo kile kile cha kurusha sarafu mara 20, mbele ya familia, kabla ya jibu lake lolote kuchukuliwa kuwa ni lake.